Mukono Yenye Kupima Samaki

Ku Nchelenge, kama muvuvi anakuambia samaki haiko, rudia mbio ku nyumba ulete beseni.

Mimi nilikawia kujua ile. Tulikuwa bageni, tulitoka ng'ambo ya Congo na bilago ku kichwa, na kule kwetu batu balikuwa balimaji. Mulimaji akisema muhogo haiko, ni kusema haiko. Unaweza kumufuata mpaka ku shamba na utakuta majani tu. Alor, asubuhi ya kwanza Mama alinituma ku ziwa kutafuta samaki. Nikakuta mutumbwi inakaribia, banamuke balishaingia mu mayi mpaka ku magoti, banaita: "Tata, iko?" Mwenye mutumbwi akatikisa kichwa kama mutu ametoka ku maziko.

"Takuli," akajibu na Kibemba. Halafu akaniona mimi mugeni, akarudilia na Kiswahili: "Hakuna kintu, mutoto. Ziwa imekufa."

Roho ikaniuma. Nilirudi na beseni tupu, nikamuambia Mama: "Mama, bavuvi ya hapa banateseka. Ziwa yabo imekufa." Mama akaweka mukono ku shavu. Tukakula sombe, majani ya muhogo. Kesho yake nikaenda tena, ziwa ingali imekufa, tukakula sombe tena. Mama yangu ni mutu wa maombi. Mbele ya kushika bukari, ugali yetu, akaanza kuombea bavuvi, na sauti kubwa, eti Mungu aone machozi yabo, afungue ile ziwa, apatie hata samaki moja moja juu ya batoto yabo. Na wakati anaomba, harufu ya samaki ya kukaanga ilikuwa inaruka lupango ya majani, inatoka kwa jirani, inaingia mu sahani yetu.

Siku moja tukasikia kicheko nyuma ya lupango. Jirani, mama moja Muzambia mwenye kuuza samaki ya kukausha, alikuwa ameshika muti ya lupango na mikono mbili asianguke.

"Bamayo," akasema, machozi inamutoka, "munaombea nani? Ule bwana wa jana tulimusaidia watu wanne kubeba samaki!"

"Alisema takuli," nikajibu.

"Na aseme nini? Aseme iko, ziwa isikie?"

Njo vile nilifundishwa. Muvuvi hawezi kusifu ziwa mbele ya ziwa. Ukiisifu, kesho inafunga mukono. Kwa hiyo kila mutu anaileta chini: samaki mingi ni "kidogo tu", samaki kidogo ni "takuli", na kama kweli haiko, hata hajibu, anavuta mutumbwi na kunyamaza. Hata kipimo ya samaki ni vile. Akikuonyesha ukubwa ya samaki yenye alishika, anakata na mukono mumoja juu ya mukono mwingine, hapa ku kiganja. Ukweli ulikuwa ku kiwiko.

"Usisikilize kinywa," Jirani akaniambia. "Angalia mutumbwi. Mutumbwi mutupu inatembea juu ya mayi kama bata. Mutumbwi yenye kushiba, mayi inataka kuilamba midomo. Kama mayi iko inalamba na mwenyewe analia takuli, wewe ingia mbele ya benzako."

Tangu siku ile nikashikwa na ugonjwa ya kutaka kujua. Masomo yangu ilisimama mapema, sikufika mbali, lakini kichwa yangu haikusimama. Nilikuwa ninauza bitumbuwa pale pale ku muchanga, mutu mwenye kuuza bitumbuwa anasikia mambo mingi, na mimi nikaanza kuokota bongo, maneno ya uongo ya batu, kama vile batoto banaokotaka makombe ya konokono. Si kwa ubaya. Nilipenda tu kuona fasi maneno inaachana na mutu mwenyewe. Niliota hata kwamba siku moja nitakuwa na kibanda yangu ya rangi ya bulu, na benchi moja mbele, batu watakuja kukaa, banieleze hadithi zabo, na mimi nitawaambia: hapa kweli, hapa bongo, chukua kitumbuwa moja uende na amani. Jirani alisema kibanda ile itafungwa siku ya kwanza juu ya kupigwa mawe.

Mama yangu mwenyewe nilimukamata. Mutu akimupigia telefone, anasema: "Niko mu njia, niko mu njia, nimeshafika pa soko," na amekaa ku kilago, anachambua sombe. Lakini niliona kintu: akisema vile, anavuta viatu karibu na muguu. Kama ni kusema, mwili unaona haya, unataka kusaidia kinywa. Niliuliza muhubiri wetu kama bongo ya bavuvi ni zambi, sababu kila mutu anaijua. Akasema bongo ni bongo, hakuna ya kubwa hakuna ya kidogo. Halafu akaingia mu mahubiri, akasema "kwa kumalizia," na batoto badogo balilala, bakaamuka, bakalala tena, angali anamalizia.

Hii yote ilikuwa muchezo kwangu mpaka ikafika kwa Yaya, dada yangu mukubwa.

Yaya yangu ni fundi wa nguo. Alikuwa na mashini ya miguu pa baraza ya duka moja karibu na barabara, na sauti yake ikipiga, ninaisikia toka ku muchanga. Tulipofika huku alikuwa na mwanaume mwenye kumuandikia mu telefone. Mutu wa mbali, balijuana mu safari. Maneno yake! Yaya alikuwa ananisomea pole pole, anafunika kinywa na kitambaa. Siku moja ule bwana akaandika: nywele zako zenye kushuka ku mabega zinaninyima usingizi. Nikamuangalia Yaya. Kichwa yake ilikuwa inangaa kama yai. Tulikuwa mu kilio ya Papa yetu, alishanyoa yote, na ule bwana alijua, juu Yaya alimutumia foto.

"Yaya, nywele gani?"

"Ni maneno ya mapendo," akajibu. "Wewe utajua nini."

Lakini ile neno ilinikaa mu kichwa. Maandishi haina macho yenye unaweza kuchunguza, haina viatu yenye kuvutwa. Niliwaza: labda bongo ya maandishi inajulikana hapa. Mwenye kuandika hajakuangalia. Anasifu kintu yenye haiko kwako, iko kwa mwingine. Na kweli, ule bwana aliandikaka "niko mu njia, ninakuja kuona wazazi," akaandika vile mpaka nywele ya Yaya ikaota tena ya kusukwa, na hakufika. Kumbe yale maneno alituma fasi mingi, kama mutu anatupa wavu bila kuchagua samaki. Yaya hakulia mbele yetu. Alishona. Alishona mpaka mukanda ya mashini ikakatika. Na alimuambia Mama, nikisikia: "Mutu wa bongo hataingia tena mu roho yangu, Mama. Nilibeba moja. Ya pili itanimaliza. Heri nizeeke na mashini."

Njo pale akatokea ule muvuvi.

Alikuwa mutu wa upande ya Puta, anavua huku kwetu, murefu, wa maneno machache. Alileta bashi yake, turubai ya kufunikia samaki, Yaya aishone pembeni. Aliona mukanda ya mashini imefungwa na kipande ya kitambaa, inateleza teleza. Kesho yake akarudi na kamba yenye alisokota mwenyewe na nyuzi ya wavu, akapiga magoti, akaivalisha ku gurudumu, akazungusha na mukono, akasikiliza, akakaza kidogo, akaenda. Mashini ikapiga sauti muzuri kupita zamani. Kisha ile bashi ikaanza kupasuka kila wiki. Jirani alisema hajaonaka bashi yenye kuumwa namna ile.

Yaya akaanza kuimba akishona. Mimi nikaanza kuota arusi.

Alor, siku moja Yaya akashuka ku ziwa na mimi. Hakuwa anashukaka, kazi yake ilikuwa barabarani. Mutumbwi ya ule muvuvi inaingia, mayi inalamba midomo. Banamuke banaita, "Tata, iko?" na yeye, bila kuona Yaya, na ile uso ya maziko: "Takuli. Ziwa imekufa kabisa. Hata ya mutoto kukula haiko." Halafu bakafungua bashi. Samaki ilikuwa imejaa mpaka inateleza inje.

Yaya alisimama kama mutu amemwagiwa mayi ya baridi.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Yaya, hapana, hapa njo vile banasemaka—"

"Nimeuliza, umesikia? Amesema ile na hakupepesa jicho. Ule wa kwanza alikuwa anaandika tu. Huyu anadanganya na uso yake."

Nilimueleza njia yote ya kurudi, mambo ya ziwa yenye kusikia, mayi, bata. Alinijibu: "Mutu mwenye amezoea kupunguza kweli kila asubuhi, mangaribi anaiweka wapi?"

Niliogopa, sababu nilimupenda ule muvuvi tayari kama shemeki, na pia sababu swali ilikuwa ya kweli.

Wiki ile ile akafika shibukombe, njo mutu mwenye kutumwa na mwanaume kusema mambo ya ndoa. Ni desturi ya hapa. Anakuja na sahani mbili, moja imefunika ingine, anaweka mbele ya wazazi. Kama hawataki, banarudisha sahani. Kama banataka, sahani inabakia. Huyu shibukombe alikuwa mufanya biashara wa Mwansabombwe, munene, mwenye kucheka, Kiswahili yake ilikuwa ya soko, ya haraka haraka.

Kule Congo, mutu akikuja kuposa, unatuma mutu mu mugini yabo kuuliza: ni batu gani? Huku tulikuwa tutamuuliza nani? Hatukujua mutu ku Puta. Papa hayuko. Tulikuwa na Muyomba tu, kaka ya Mama, mwenye kulima muhogo mu makao ya wakimbizi. Alikuja na kinga, baiskeli yake, vumbi mpaka ku nyusi. Muyomba alikuwa na akili yake moja ya kujua bongo: anauliza swali mbele ya chakula, halafu anauliza ile ile swali kisha chakula. Alisema mutu wa njaa anakumbuka vile alidanganya, lakini mutu wa kushiba anasahau.

"Nataka mwenyewe pia akuje," akamuambia shibukombe. "Sina wa kumuuliza habari yake. Nitamuuliza yeye."

Shibukombe alisema si desturi. Muyomba akajibu kwamba hata kukimbia nchi si desturi, na tulikimbia. Basi muvuvi akakuja, amevaa shati ya mikono mirefu yenye ilikuwa ingali na mikunjo ya duka. Akakaa pembeni ya kilago. Yaya alikuwa nyuma ya pazia. Sahani mbili zilikuwa katikati. Mimi nilikuwa na beseni ya kunawisha batu mikono, macho yangu wazi kama ya bundi.

"Huyu kijana iko na nyumba?" Muyomba akauliza.

"Ee mukwai!" shibukombe akaruka. "Nyumba ya mabati. Ya matofali ya kuchoma."

"Na wewe, kijana?"

"Ni kabanda tu, Tata," muvuvi akasema, anaangalia kilago. "Ka kulala."

"Na mutumbwi?"

"Mutumbwi na mashini!" shibukombe akasema. "Yamaha inalia mpaka ng'ambo."

"Iko chuma moja yenye kukohoa," muvuvi akasema.

Tukaleta bukari na samaki. Samaki ilikuwa ya huyu huyu muvuvi, yenye haikukuwako. Bakakula. Shibukombe alikula na furaha, akalamba vidole. Muyomba akanawa, akapangusa kinywa, akaanza tena, pole pole, kama mutu mwenye hajauliza hata siku moja.

"Alor. Iko na nyumba?"

"Nyumba!" shibukombe akasema. "Na madirisha ya vioo. Na vyumba vya bageni."

"Kijana?"

"Tata, mvua ikinyesha, tunahamia pembe moja."

Muyomba akaweka mikono ku magoti. Akamuangalia huyu, akamuangalia ule. Sura yake ikawa nzito.

"Ninaona fundi wawili hapa," akasema. "Moja anajenga, moja anabomoa. Tangu tukule, huyu ameongeza madirisha, huyu ametoa paa. Nyumba ya kweli iko wapi? Sababu mutoto yangu hawezi kulala mu maneno."

Mama akavuta sahani kidogo, kama mutu anataka kuirudisha. Shibukombe akaacha kucheka. Na muvuvi, masikini, akainamisha kichwa zaidi. Alikuwa anafikiri ameonyesha heshima, na kila neno ilikuwa inamuzamisha.

Pale njo niliona. Si kwamba mimi ni mwerevu. Ni kukaa tu ku muchanga na bitumbuwa. Huyu alikuwa anajibu Muyomba kama vile anajibuka banamuke mu mayi. Nyumba ilitoka mu samaki, mutumbwi ni ya samaki, mashini ni ya samaki: yote iko mu masikio ya ziwa. Lakini kama ni hivyo, tutajuaje? Njo ile swali ya Yaya: mangaribi kweli anaiweka wapi? Nikaweka beseni chini.

"Muyomba, munisamehe," nikasema.

"Mutoto, hapa ni mazungumuzo ya wakubwa," shibukombe akasema.

"Acha aseme," Muyomba akajibu. "Yeye ni wa ku ziwa, mimi ni wa ku shamba."

"Muyomba, mumuulize kintu yenye haitoke mu mayi."

Muyomba akakuna ndevu, anatafuta. Lakini swali ikatoka nyuma ya pazia, sauti ya Yaya, kavu.

"Iko na mutoto?"

"Hapana!" shibukombe akasema mara moja, mikono juu. "Hana muke, hana mutoto, ni mutu safi kabisa, ninaapa—"

"Iko," muvuvi akasema.

Hakuangalia kilago. Aliangalia pazia.

"Mutoto mwanamuke. Mama yake aliolewa na mutu mwingine, ng'ambo ya Congo, ku Kilwa. Mutoto anaishi kwa mama yangu, ku Puta. Nilimuambia huyu bwana aseme ile kwanza, mbele ya nyumba na mbele ya mashini."

Sisi bote tukamugeukia shibukombe. Jasho ilikuwa inamushuka mu shingo.

"Mukwai," akasema, sauti ndogo, "niliwaza, kwa nini kuharibu chakula muzuri?"

Muyomba alipiga kicheko, hakutaka, ilimutoka tu mu pua. Lakini Yaya hakucheka. Akatoka nyuma ya pazia. Alikuwa na futi yake ya ushonaji mu shingo, vile anakaaka siku yote. Akapiga magoti mbele ya Muyomba na heshima, halafu akageuka.

"Ni murefu namna gani?"

Muvuvi hakuelewa.

"Mutoto. Ni murefu namna gani? Nionyeshe."

Niliangalia ule mukono. Ilikuwa mukono yenye kukata samaki ku kiganja, yenye kupunguza kila kintu Mungu alimupatia. Akasimama, mukono ikainuka pole pole. Hakulaza kiganja kama mutu anaonyesha urefu ya mbuzi. Alisimamisha vidole, kuangalia juu, vile banapimaka mutu. Ikasimama mu hewa karibu na mbavu zake. Akafikiri. Akaipandisha kidogo.

"Hapa," akasema. "Mabega nyembamba. Anapenda nguo yenye kuzunguka."

Yaya akachukua futi, akapima toka ku udongo mpaka ku ncha ya vidole. Hakuandika. Akasema: "Nitashona nguo. Alete mutoto aivae. Kama kweli anamujua, nguo itasema. Muyomba, sahani ikae kwanza, isirudi, isibaki."

Sahani ikawekwa juu ya kabati, mbili zimefunikana vile vile, na hakuna mwenye kuzigusa. Shibukombe alilalamika kwamba hajaonaka sahani yenye kungojea fundi.

Yaya alishona na kitenge ya rangi ya mahindi, na kiuno ya kuzunguka. Usinifikirie vibaya, lakini nilikuwa ninapita pale baraza kila saa kuangalia ile nguo imetundikwa, ninajaribu kuona mutoto ndani. Ikawa ndefu kidogo mu macho yangu, sikusema. Ikawa fupi, sikusema. Kama haikamate mwili, Yaya angerudisha sahani, na angerudia ku mashini yake na mudomo ya kufunga, mimi nilimujua. Nilianza kuomba kwa ajili ya nguo, mimi mwenye nilichekelea Mama kuombea ziwa.

Bakakuja na pikipiki, muvuvi, mama yake muzee, na mutoto katikati, amefunikwa kitambaa juu ya vumbi. Mutoto alishuka, akapiga magoti kusalimu kila mutu, hata mimi na beseni yangu ya bitumbuwa. Yaya akamuingiza mu chumba. Tukangojea. Muyomba alikuwa amekuja tena na kinga. Shibukombe pia alikuwa pale, hakuitwa na mutu.

Bakatoka.

Mabega ilikaa kabisa. Kiuno ilikaa. Mutoto akazunguka, nguo ikafunguka kama mwavuli. Lakini chini ilikuwa inagusa udongo, inakunjana juu ya vidole vya miguu. Ilikuwa ndefu, kipimo ya kiganja.

Shibukombe akafunika macho.

Yaya alipiga magoti pale mbele ya mutoto, sindano za kubana mu midomo, akashika ule upindo. Halafu nikaona mabega yake inatetemeka, nikawaza analia, nikasogea. Alikuwa anacheka na midomo ya kufunga, juu ya sindano.

"Amemuongeza," akasema akizitoa moja moja.

"Nani?"

"Papa yake. Alipandisha mukono mara ya pili, hukuona? Mara ya kwanza ilikuwa sawa." Akamuangalia muvuvi mwenye kusimama pa mulango. "Samaki unapunguza. Mutoto unaongeza. Kwa nini?"

Muvuvi akashika shingo. "Samaki, ziwa inasikia," akasema.

"Na mutoto?"

Mama yake muzee alikuwa anamuangalia, na shibukombe alikuwa ameshafungua kinywa kumusaidia, Muyomba akamukanyaga muguu.

"Mutoto yeye mwenyewe anasikia," muvuvi akasema. "Akisikia ninamusema mudogo, atakuwa mudogo."

Nimewaza ile jibu mara mingi tangu siku ile, nikikaanga bitumbuwa, na sijui bado niiweke fasi gani. Mukono ulisema kintu yenye haikukuwa kweli. Muhubiri angesema bongo ni bongo. Lakini ule wa nywele za ku mabega alisema kintu yenye haiko sababu hakuangalia, na huyu alisema kintu yenye haiko sababu aliangalia sana, akaona mpaka mwaka wenye kuja. Mabega alijua. Kiuno alijua. Kutoka inje zile bongo mbili zinafanana, na kibanda yangu ya bulu ingehitaji benchi ndefu juu ya ile swali moja tu.

Shibukombe alisema: "Leta makasi, tukate."

"Sikate," Yaya akasema. "Nitakunja ndani. Atafika." Na akakunja, na sindano ikaenda ikirudi, mutoto amesimama kimya, anashika kichwa ya Yaya asianguke, vidole vyake mu nywele zenye zilikuwa zimeota kabisa sasa.

Kisha akasimama, akaenda ku kabati. Akashusha zile sahani mbili. Mama akashika kifua. Yaya akafunua ya juu, akapangusa vumbi na kanga yake, akakuja kwangu, akachagua bitumbuwa yangu minono, akaipanga mu sahani, akaweka mbele ya mutoto.

"Kula, mama," akamuambia.

"Niliwaambia!" shibukombe akapiga kelele. "Sikuwaambia? Mimi sijasemaka bongo hata siku moja!"

Jirani, mwenye alikuwa nyuma ya lupango tangu asubuhi, akajibu na kicheko mbele yetu sisi bote. Lakini Muyomba hakucheka. Alisafisha koo.

"Unamutaka, mutoto yangu?" akamuuliza Yaya.

"Ninamutaka, Muyomba."

Tukaleta bukari. Tukakula bote, na mutoto alikula na mukono moja, mukono ingine inainua nguo isichafuke. Muyomba akashiba, akanawa, akapangusa kinywa, akaweka mikono ku magoti, akaangalia inje kama mutu anawaza mambo ya muhogo.

"Alor," akasema pole pole. "Unamutaka?"

"Muyomba," Yaya akajibu, anakusanya sahani, "bukari ni mimi nilipika, na jibu ni ile ile."

Muvuvi akasimama kuenda kuangalia mutumbwi. Pa mulango nikamuuliza, juu siwezi kujizuia:

"Shemeki, leo iko?"

Akaangalia upande ya ziwa. Akaweka ile uso ya maziko.

"Takuli," akasema.

Nikaenda kutafuta beseni.